Kuanzia Kwamsisi hadi Malawi: Rekodi za Ubunifu Shuleni

Iliyothubutu kuliko zote

Ukitaka kuijua shule iliyothubutu kuliko zote katika mkoa wa Tanga, usianzie kwenye shule binafsi zinazotuma mabasi kukusanya watoto alfajiri. Anzia Kwamsisi, wilayani Handeni. Mwaka 1971, miaka 4 baada ya Mwalimu Nyerere kutoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, wakufunzi wa Chuo cha Ualimu Korogwe walikwenda katika kijiji hicho cha ujamaa kuanzisha jambo geni kwa shule ya serikali. Walitaka shule ya msingi iwe mali ya kijiji kizima, na yanayofundishwa ndani yake yatokane na kijiji hicho hicho.

Wasomaji wengi wakisikia elimu ya kujitegemea hukumbuka jembe. Shule nyingi zilikuwa na shamba, na katika nyingi shamba liligeuka adhabu kwa waliochelewa namba. Kwamsisi ilidai zaidi ya hapo. Masomo yalipangwa kuanzia maisha ya pale: kilimo cha watu wale, afya zao, uongozi wa kijiji chao, kusoma na kuhesabu kukawekwa katika utumishi wa hayo. Wanakijiji wenye ujuzi wa kazi za mikono walihesabiwa kuwa sehemu ya walimu. Watu wazima nao waliipata elimu yao pale pale. Mradi ukaingia katika MTUU, mpango wa Tanzania, UNICEF na UNESCO wa kuirekebisha elimu ya msingi, na vyuo vingine vya ualimu vikaanza kulea shule za jamii za namna hiyo katika vijiji vya jirani.

Naiweka Kwamsisi juu ya orodha hii kwa sababu moja. Walimu wake waliruhusiwa kuachana na mtaala wa kawaida huku wakibaki ndani ya mfumo wa umma. Hawakuchuja watoto, hawakuhama kijiji. Ruhusa ya namna hiyo ndiyo ambayo Marekani ingeitungia sheria miaka 20 baadaye na kuiita jambo jipya.

Kilichoibana ni mtihani wa darasa la saba. Mzazi wa Handeni wa miaka ile alijua kwamba nafasi za sekondari ni chache mno, lakini alijua pia kwamba hakuna mlango mwingine wa kumtoa mwanawe kwenda kwenye mshahara. Shule inayomwandaa mtoto kuishi vizuri kijijini, hata ikiwa nzuri vipi, ilimwia vigumu kuiamini maadamu watoto wa shule nyingine walikuwa wakipimwa kwa mtihani unaofungua mlango ule. Hakuna sababu ya kumlaumu mzazi huyo. Serikali ilibadilisha shule moja bila kubadilisha kipimo cha nchi nzima, na uzito wa tofauti hiyo ukaangukia watoto.

Januari 2024 mtaala mpya wa sekondari ulileta mkondo wa amali, na hoja za Kwamsisi zikarudi kwa sura nyingine: ufundi, kilimo, stadi za kazi, na mtihani unaovipima vitu hivyo. Wanaosimamia mkondo huo wangefaidika kupitia kumbukumbu za kijiji kile kabla ya kwenda ziara za mafunzo ng'ambo.

Kongwe kuliko zote

Hapa ushindi ni wa Tanga mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walifungua pale shule ya serikali ambayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika koloni lao. Wakati huo huo wamisionari wa UMCA walikuwa wameshakita Magila, na mwaka 1891 wakafika Korogwe. Kwa hiyo ushindani wa shule za umma na shule za wengine una zaidi ya miaka 130 katika mkoa huu.

La kuvutia ni nani aliyekuwa mbunifu zaidi. Shule ya serikali haikudai mtoto abadili dini, ilifundisha kwa Kiswahili, ikaongeza kazi za ufundi, ukiwamo uchapaji, na gazeti la Kiswahili la Kiongozi likatoka kwenye mitambo yake. Nia yake ilikuwa kuzalisha makarani na maakida wa utawala wa kigeni, na hilo lisisahaulike. Hata hivyo, mwenye kudhani kuwa serikali haiwezi kubuni lolote shuleni atazame tarehe hizo.

Zenye jina kubwa kuliko zote

Mwaka 1991 jimbo la Minnesota, Marekani, lilipitisha sheria ya kwanza ya shule za mkataba, na mwaka uliofuata shule ya kwanza, City Academy, ikafunguliwa mjini St. Paul. Shule ya mkataba ni ya umma: haitozi ada na inaendeshwa kwa fedha za kodi. Tofauti ni kwamba kikundi fulani, cha walimu au cha shirika, hupewa mkataba wa kuiendesha na kusamehewa kanuni nyingi. Isipofanya vizuri, mkataba hukatwa. Ahadi iliyolipa wazo hilo nguvu ilikuwa kwamba shule hizo zitajaribu mambo mapya, na yakifaa yatapelekwa katika shule za kawaida.

Rekodi ya kuzieneza inashikiliwa na New Orleans. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005 shule za jiji hilo zilianza kukabidhiwa waendeshaji mmoja baada ya mwingine, na kufikia 2019 mfumo wake wote wa shule za umma ulikuwa wa mikataba, jiji kubwa la kwanza Marekani kufanya hivyo.

Matokeo? Chuo Kikuu cha Stanford kimekuwa kikiyafuatilia kwa miaka mingi. Utafiti wake wa 2009 ulikuta asilimia 17 tu ya shule za mkataba zilizopimwa zinazishinda shule za kawaida katika hesabu, na asilimia 37 ziko nyuma. Ule wa 2023 ulikuta mambo yamegeuka: mwanafunzi wa shule ya mkataba alikuwa mbele kwa kiasi cha siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hesabu, kwa mwaka. Ni maendeleo ya kweli, ingawa ukizigawa siku 6 za hesabu kwa mwaka mzima wa shule hupati muujiza. Na mwaka 2003 mtafiti Christopher Lubienski, aliyepitia ushahidi wa ubunifu wenyewe, aliona kwamba mambo mapya yalikuwa mengi ofisini kuliko darasani: namna ya kuajiri, kuongoza na kujitangaza. Mwalimu mbele ya ubao alikuwa akifundisha karibu kama mwenzake wa shule ya jirani.

Tanzania haina shule za mkataba. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, na shule binafsi za msingi zilipata nafasi ya kupanuka baada ya sera ya 1995. Tunazo za serikali na zisizo za serikali, na katikati yake kuna miradi: shirika linakuja na fedha, linachagua vijiji, linakaa miaka michache, linaondoka. Kwa mkoa kama wetu, hiyo miradi ndiyo iliyofanya kazi ambayo Marekani walizipa shule za mkataba.

Makabidhiano makubwa kuliko yote Afrika

Liberia ilikwenda mbali zaidi Afrika. Mwaka 2016 serikali yake iliwakabidhi waendeshaji 8 wa nje shule za msingi za umma 93. Watafiti waliozilinganisha na shule zilizobaki serikalini walikuta kwamba baada ya mwaka mmoja watoto walikuwa wamejifunza zaidi, na walimu walikuwa wakionekana darasani zaidi. Lakini gharama zilikuwa kubwa, na baadhi ya waendeshaji walipunguza idadi ya watoto madarasani kwa kuwahamishia wengine shule nyingine. Mtoto aliyehamishwa hatokei kwenye wastani wa shule iliyomwondoa. Yeyote atakayewaletea madiwani wa Korogwe pendekezo la namna hii aulizwe kwanza watoto hao watakwenda wapi.

Kenya ndiko ilikozaliwa Bridge, mtandao wa shule za binafsi za ada nafuu ulioanzia Mukuru kwa Njenga, Nairobi, ambako mwalimu hufuata somo lililoandikwa neno kwa neno kwenye kifaa alichoshika. Uganda iliamuru shule za Bridge nchini humo zifungwe mwaka 2016. Utafiti wa kitaalamu uliofanywa Kenya kwa watoto waliopewa ufadhili kwa bahati nasibu ulikuta wamejifunza kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao, na walimu wanaoupinga mfumo huo hawana budi kuukabili ushahidi huo. Mimi bado naona ni hasara kubwa mwalimu kugeuzwa msomaji wa maneno ya mwingine.

Zawadi nono kuliko zote

Septemba 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15, fedha zilizotolewa na Elon Musk, kwa atakayetengeneza programu itakayomwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mwalimu. Timu 198 kutoka nchi 40 zilijitokeza. Zilipobaki 5, kila moja ikiwa imeshapata dola milioni 1, zilihitaji mahali pa kupimwa. Mahali palipochaguliwa ni vijiji vya mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vijiji vilikuwa 170 na watoto karibu 3,000.

Ni vizuri kueleza taratibu jinsi shindano lilivyoendeshwa. Google ilitoa tabuleti aina ya Pixel C, zikapakiwa programu kwa Kiswahili. Kijijini ulisimikwa umeme wa jua wa kuzichajia, na mkazi wa hapo hapo akapewa jukumu la kuzitunza. Hakutakiwa kufundisha. Mtoto alichukua tabuleti yake, akasikia sauti ya Kiswahili ikimwongoza, akafuatisha umbo la herufi kwa kidole juu ya kioo, akarudia hadi akaipata, kisha silabi, kisha neno. Akikosea hakuna aliyemcheka wala kumchapa. Kwa mtoto anayechunga mbuzi mchana kutwa, huenda huo ndio ulikuwa wakati pekee wa siku ambao kitu fulani kilimsubiri yeye.

Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao waliripotiwa kuwa hawajawahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu, na katika hesabu wasichana walinufaika sawa na wavulana. Mei 2019, jijini Los Angeles, zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kwa washindi wawili: Kitkit School, ya kampuni ya Enuma yenye asili ya Korea Kusini na Marekani, na onebillion ya Uingereza.

Ng'ambo wapo walioyapokea matokeo hayo kama ushindi wa mashine dhidi ya mwalimu. Mimi siwezi kuyasoma hivyo. Kwanza, programu hizo zilishindana zenyewe kwa zenyewe. Hazikuwekwa mizani moja na mwalimu mzuri mwenye watoto 40 na vitabu vya kutosha. Pili, idadi ikipungua kwa nusu maana yake ni kwamba, baada ya zaidi ya mwaka, karibu watoto 5 kati ya 10 bado walikuwa hawasomi neno hata moja. Tatu, na hili linaniuma, shindano la dunia lilikuta kwa urahisi maelfu ya watoto wa Tanga ambao hawajawahi kukaa darasani, miaka 40 baada ya nchi kutangaza elimu ya msingi kwa wote. Hiyo nayo ni rekodi.

Pamoja na hayo siidharau kazi ile. Ilionyesha kwamba mtoto wa kijijini hana uzito wa akili ambao watu wazima humsingizia. Akipewa kitu kinachomsemesha kwa lugha anayoisikia kila siku, anajifunza.

Iliyosafiri mbali kuliko zote

Masharti ya shindano yalitaka programu zote 5 ziachwe wazi kwa yeyote kuzitumia. Kazi ya onebillion, ambayo mizizi yake ilikuwa Malawi tangu kabla ya shindano, ndiyo iliyofika mbali. Serikali ya Malawi, pamoja na shirika la Imagine Worldwide, iliamua kuipeleka hatua kwa hatua katika shule za msingi za umma za nchi nzima, kupitia mpango uitwao BEFIT. Watoto wa madarasa ya mwanzo huitumia ndani ya ratiba ya shule, mwalimu akiwapo, kwa lugha ya Chichewa.

Kilichopimwa katika vijiji vya Tanga kimepata makao kwenye shule za kawaida za Malawi, na kilipofika huko kilirudishiwa mwalimu.

Kenya nayo ina haki ya kutajwa. Tusome, mpango wa kufundisha kusoma katika madarasa ya mwanzo, ulitokana na jaribio dogo, na kuanzia 2015 ukaingia katika shule za msingi za umma nchi nzima, zaidi ya 20,000. Hakukuwa na ajabu ndani yake: kitabu kimoja kwa kila mtoto, mwongozo wa somo kwa mwalimu, na afisa wa elimu anayemtembelea darasani kumwelekeza. Kwa ukubwa, hakuna shule binafsi wala ya mradi katika Afrika Mashariki inayokaribia hapo.

Na Tanzania? Tunayo MEMKWA, tunaisahau mno. Mwaka 1999 mpango huo wa elimu kwa watoto waliokosa shule ulianza kwa majaribio katika wilaya 5, kwa msaada wa UNICEF, ukiwapitisha watoto katika masomo ya msingi kwa miaka 3. Miaka michache baadaye uliingizwa katika MMEM, mpango wa taifa wa maendeleo ya elimu ya msingi, na kuenea nchi nzima. Huo ni mfano wetu wa jaribio lililovuka mto na kufika shule ya kawaida, na ulifanikiwa kwa sababu madarasa yake yalikuwa ndani ya viwanja vya shule zilizopo, na watoto wake waliweza kuingia katika madarasa ya kawaida.

Iliyotufundisha zaidi kuhusu fedha

Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule za msingi za umma 350 nchini. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Nyingine hazikupewa ruzuku, ila mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, la hesabu au la Kiingereza, na mwalimu mkuu shilingi 1,000. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Lililobaki halikupata chochote.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi, la ana kwa ana. Mtoto anaketi mbele ya mtu asiye mwalimu wake, anaonyeshwa silabi, kisha maneno, kisha sentensi, na anasoma kwa sauti. Haliigiziki. Mtoto aliyezoea kuitikia pamoja na wenzake "ba, be, bi, bo, bu" bila kuutazama ubao hujulikana katika nusu dakika.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida mojawapo kubwa la uchumi duniani. Ruzuku peke yake, baada ya miaka miwili, haikuongeza kujifunza. Ruzuku pamoja na malipo ya mwalimu viliongeza, tena zaidi ya jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Na shule zote 350 zilikuwa za serikali: walimu wale wale, majengo yale yale. Hakuna aliyehitaji kuanzisha shule ya aina mpya.

Zilizoongezeka kwa kasi kuliko zote

Hili nalipita haraka, kwa kuwa lina sifa kuliko maelezo. Mwaka 2004 Tanzania ilikuwa na shule za sekondari karibu 1,300, za serikali na zisizo za serikali pamoja. Mwaka 2009 zilikuwa zimepita 4,000, nyingi zikiwa shule za kata zilizojengwa kwa nguvu za wananchi. Sekta binafsi haijawahi kufanya hivyo popote katika ukanda huu. Walimu hawakuongezeka kwa kasi ile ile, na kila aliyesoma shule za kata miaka ile anajua maana yake.

Nafasi iliyo wazi

Imebaki rekodi moja isiyo na mwenyewe. Mkoa wa Tanga umekuwa mwenyeji wa Kwamsisi na wa shindano kubwa la elimu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichogeuka kuwa desturi ya shule za kawaida za Handeni na Korogwe. Wabunifu walikuwapo. Kilichokosekana ni halmashauri kuwa na utaratibu wake wa kujaribu, kupima na kueneza, bila kungoja mradi uje na gari lake.

Utaratibu huo hauhitaji sheria mpya. Halmashauri za Mji wa Handeni, Wilaya ya Handeni, Mji wa Korogwe na Wilaya ya Korogwe, kila moja inaweza kuchagua shule chache za kawaida, zikiwamo za mbali na lami, na kuwapa walimu wa madarasa ya mwanzo ruhusa ya kupanga upya muda na mbinu za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Watoto wapimwe mmoja mmoja mwanzoni na mwishoni mwa mwaka, kwa jaribio la silabi, neno na sentensi. Matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji, mzazi ayaone. Walimu waliofanikiwa wawafundishe wenzao katika vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambavyo tayari vipo. Waheshimiwa madiwani, mnapoketi kupitisha bajeti ijayo, wekeni fungu la kazi hiyo, na mwaka ukiisha daini majina ya shule na idadi ya watoto waliojua kusoma.